Dhamana mbili za mfanyakazi aendaye Uarabuni

Wakenya 3 walifariki nchini Saudi Arabia mwaka 2019, wengine 48 mwaka 2020, na 38 mwaka 2021 kabla haujamalizika. Hizo ndizo takwimu ambazo Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliwasilisha mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa mwaka huo wa 2021. Jumla yao ni watu 89, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani.

Maelezo yaliyotolewa na upande wa Saudia kuhusu vingi vya vifo hivyo yalikuwa mafupi: moyo ulisimama. Katibu wa wizara hiyo aliwaambia wabunge kwamba haiwezekani vijana wengi kiasi hicho wote wawe wamekufa kwa maradhi ya moyo.

Wizara yake ilipendekeza safari za wafanyakazi wa nyumbani zisitishwe kwa muda. Wizara ya Leba haikuafiki, na ndege zikaendelea kuruka.

Msomaji atauliza, je, watu hawa hawakuwa na mikataba ya kazi? Yeyote asafiriye kupitia kwa wakala aliyesajiliwa huwa na mkataba. Huwa umeandikwa kwa lugha zaidi ya moja, umetiwa saini, umepigwa muhuri, na unataja mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Basi kwa nini karatasi hiyo, ambayo hapa nchini ingemfikisha mwajiri mahakamani, hugeuka kuwa bure mara tu mwenye kuibeba anaposhuka Riyadh au Jeddah?

Jibu liko katika neno moja, nalo ni dhamana. Mfanyakazi aendaye Uarabuni yumo ndani ya dhamana mbili. Moja imewekwa na utaratibu wa huko aendako, na inamfunga yeye. Ya pili imewekwa na sheria ya Kenya, na ilikusudiwa kumfunga anayempeleka. Ya kwanza hufanya kazi usiku na mchana, ilhali hii ya pili imelala fofofo.

Tuanze na hiyo ya kwanza, ambayo kwa Kiarabu huitwa kafala. Maana yake ya asili ni kumdhamini mtu au kumchukua mikononi mwako umtunze, na neno hilo hilo ndilo litumikalo kwa anayemlea yatima. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno lenye utu kiasi hicho limekuja kuwa jina la mfumo unaolalamikiwa kote duniani.

Chini ya mfumo huo, mgeni haingii nchini kama mtu huru aliyekuja kutafuta kazi. Huingia kwa jina la mdhamini, yaani kafili, ambaye ndiye mwajiri wake. Kafili ndiye huomba viza. Kafili ndiye hushughulikia kibali cha kuishi, kijulikanacho kama iqama, na ndiye hukihuisha. Kwa miaka mingi, kafili ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho iwapo mfanyakazi angeweza kuhamia kwa mwajiri mwingine au hata kuondoka nchini kurudi kwao.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Hapa Kenya mwajiri akikunyima mshahara, unaweza kuondoka, ukaenda kwa afisa wa leba, ukatafuta kazi nyingine huku shauri lako likiendelea. Kazi ni kitu kimoja na haki ya kuwepo nchini ni kitu kingine. Katika mfumo wa kafala, vitu hivyo viwili vimefungwa kwa kamba moja, na mwisho wa kamba hiyo uko mkononi mwa mtu yule yule unayetaka kumshtaki.

Yaya akitoka nyumbani kwa mwajiri bila idhini, hata kama anakimbia kipigo, mwajiri anaweza kutoa taarifa kwamba ametoroka. Kuanzia hapo si mlalamishi tena. Amekuwa mgeni aliye nchini kinyume cha sheria, na anaweza kukamatwa, kuzuiliwa na kurudishwa kwao bila senti. Hii ndiyo sababu wengi husema walivumilia. Haikuwa kwamba hawakuzijua haki zao. Walijua kwamba hatua ya kwanza ya kuzidai ingewafanya wahalifu.

Liko jambo jingine ambalo mara nyingi halitajwi, nalo ni fedha. Ili ampate mfanyakazi kutoka ng'ambo, mwajiri hulipa afisi ya uajiri ya kwao maelfu ya riali, kiasi ambacho aghalabu ni sawa na mishahara ya miezi mingi. Fedha hizo zikishatoka, baadhi ya waajiri humwona yaya kama kitu walichokinunua. Akisema anataka kurudi kwao, huambiwa arudishe kwanza gharama hizo. Apate wapi, ilhali hata mshahara wake haujalipwa?

Ni haki kusema kwamba nchi za Ghuba hazikukaa kimya. Qatar iliondoa sharti la idhini ya mwajiri kwa mfanyakazi anayetaka kubadilisha kazi mwaka 2020, na kuanzia Machi 2021 ikaweka mshahara wa chini wa riali 1,000 za nchi hiyo kwa wote, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria maalum ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2017 na kuiandika upya mwaka 2022.

Saudi Arabia, ambako Wakenya wengi huelekea, ilitangaza mageuzi yaliyoanza kutekelezwa Machi 2021. Mageuzi hayo yaliwaruhusu wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi kuhama na kusafiri bila kungoja ridhaa ya mwajiri. Lakini yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia na watunza bustani. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na mwanya wa kujitetea aliongezewa, na aliyekuwa hana akabaki vivyo hivyo.

Kuachwa huko hakukuwa kwa bahati mbaya. Sheria ya kazi ya Saudia ya mwaka 2005 tangu mwanzo haikuwahesabu watu hawa. Walitungiwa kanuni zao za kando mwaka 2013, zikiwapa saa 9 za kupumzika kila siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na likizo ya mwezi mmoja yenye malipo baada ya miaka 2. Kanuni mpya zilizoanza Oktoba 2024 zikaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na kumkataza mwajiri kushika pasipoti.

Kwenye karatasi, hizo si haki haba. Kasoro ni kwamba nyumba ya mtu ni faragha, na mkaguzi wa kazi habishi hodi jikoni. (Hata hapa kwetu ni nadra kusikia afisa wa leba amekwenda Kileleshwa au Nyali kuuliza yaya wa nyumba fulani alilala saa ngapi.) Shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya mwaka 2025 iliyotokana na mahojiano na zaidi ya wanawake 70 wa Kenya waliofanya kazi Saudia, lilieleza kuhusu siku za kazi zilizozidi saa 16, pasipoti na simu zilizotwaliwa, na mishahara iliyocheleweshwa au kutolipwa kabisa.

Sasa tugeukie dhamana ya pili, iliyo katika vitabu vyetu wenyewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ina sehemu nzima kuhusu mikataba ya kazi za nje ya nchi. Ni Sehemu ya 11, vifungu vya 83 hadi 86. Vifungu vinne tu, na ni vifupi. Wakenya wengi wanaosafiri hawajawahi kuvisikia, na nadhani hata baadhi ya wanaowasafirisha wangependa visisikike.

Kwa mujibu wa kifungu cha 83, mkataba wa kazi ya nje lazima uwe katika muundo uliowekwa, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Uthibitisho huo si kugonga muhuri tu. Kifungu cha 84 kinamtaka afisa aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, kwamba hakulazimishwa wala kudanganywa, kwamba ameyaelewa masharti, kwamba ana afya ya kuifanya kazi hiyo, na kwamba hafungwi na mkataba mwingine kwa kipindi hicho.

Anayemshawishi mtu kwenda kufanya kazi nje bila mkataba wa namna hiyo ametenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 86.

Kifungu kilicho muhimu kuliko vyote, hata hivyo, ni cha 85. Kinasema kwamba mwajiri asiyeishi Kenya wala kufanya biashara hapa ni lazima aweke dhamana, akiwa na wadhamini wanaoishi Kenya, kwamba mkataba utatekelezwa ipasavyo. Na ikiwa ana wakala hapa nchini, afisa wa leba anaweza kumtaka wakala huyo ndiye aiweke. Akishaiweka, wakala atafungwa yeye binafsi na masharti yake, hata kama ametaja wazi kwamba anamwakilisha mtu mwingine.

Kifungu hiki kinastahili kusomwa mara mbili. Wakala wa Nairobi au Mombasa hawezi kusema, "Mimi nilikuwa mpatanishi tu, mtafute mwajiri." Sheria iliona mbali. Ilitambua kwamba mwajiri wa Riyadh hawezi kufikishwa Milimani, na hivyo ikatafuta mtu wa kujibu aliye karibu, mwenye afisi, leseni na akaunti ya benki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa Kisauni amefanya kazi miezi 7, amelipwa miwili. Amekimbilia ubalozini, akasaidiwa kurudi nyumbani. Anaidai mishahara ya miezi 5. Mwajiri yuko Saudia. Kampuni iliyompokea iko Saudia. Nakala ya mkataba ilibaki katika sanduku asiloweza kulirudia. Akienda kwa wakala aliyempeleka, huambiwa kwamba mshahara ni jukumu la mwajiri. Akienda polisi, huelekezwa kwa Wizara ya Leba. Wizara humwelekeza ubalozini, mahali alikotoka.

Iwapo dhamana ya kifungu cha 85 ingekuwa imewekwa na kutunzwa katika faili ya afisa wa leba, mzunguko huo wote ungekatika. Lingebaki swali moja: je, mkataba ulivunjwa? Ukiwa ulivunjwa, aliyeweka dhamana alipe, kisha yeye, mwenye mawakili na mawasiliano, amfuate mshirika wake wa Saudia.

Ni nadra mno kusikia wakala akilipa mshahara wa mtu kwa njia hiyo. Kinachosikika kila mara ni michango ya jamaa na majirani ya kumrudisha mtu au maiti.

Badala ya kutumia chombo hiki, serikali imekuwa ikikimbilia marufuku. Mwaka 2012 ilipiga marufuku safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati, kisha ikalegeza mwaka 2013. Mwaka 2014 ikapiga tena, ikafuta leseni za mawakala 930 kwa mpigo mmoja. Mlango ukafunguliwa tena mwaka 2017, baada ya kanuni mpya za mawakala wa ajira na sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira za mwaka 2016.

Marufuku haya hayakuzuia watu kusafiri. Yaliwabadilishia njia tu. Walipitia Uganda na Tanzania, wakitumia viza za utalii, bila mkataba uliothibitishwa na bila ubalozi kujua waliko. Uganda nayo ilipopiga marufuku yake mwaka 2016, iliyaona yayo hayo na kuyaondoa mwaka uliofuata. Ethiopia, iliyofunga mwaka 2013 na kufungua mwaka 2018, ina historia isiyo tofauti. Marufuku humwondolea msafiri ile dhamana ya pili bila kumpunguzia hata kidogo ile ya kwanza.

Na si vigumu kuelewa kwa nini wanaendelea kusafiri. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa kibarua na yaya katika miji mikuu kuwa Sh16,113 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Wanaolipwa chini ya hapo katika mitaa yetu ni wengi. Mshahara wa Wakenya wa nyumbani nchini Saudia umekuwa ukitajwa kuwa karibu riali 900, ambazo ni takriban dola 240, au zaidi kidogo ya Sh30,000. Anayepata chakula na malazi huko anaweza, kwa hesabu ya kalamu, kutuma karibu zote nyumbani. Mwenye mama mgonjwa au ndugu aliyefukuzwa shule kwa karo hahitaji kushawishiwa sana.

Serikali pia ina hesabu zake. Fedha zilizotumwa na Wakenya walio ughaibuni mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, kwa mujibu wa Benki Kuu. Marekani ndiyo chanzo kikubwa zaidi, lakini Saudi Arabia imepanda na kuwa miongoni mwa nchi za mbele. Waziri yeyote wa leba hufikiri mara mbili kabla ya kuugusa mfereji huo.

Ipo nchi iliyokabili tatizo hili mapema kuliko sisi, nayo ni Ufilipino. Machi 1995, yaya Mfilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa nchini Singapore baada ya kuhukumiwa kwa mauaji. Wafilipino waliamini hakutendewa haki, wakafurika barabarani. Kabla ya miezi 3 kupita, Juni mwaka huo huo, nchi hiyo ilikuwa imepitisha sheria ya wafanyakazi wahamiaji.

Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinaufanya wajibu wa mwajiri wa ng'ambo na wakala wa Manila kuwa mmoja na wa pamoja kwa madai yote ya fedha. Mfanyakazi huchagua amdai nani. Sharti hilo huandikwa ndani ya mkataba wenyewe, na bila hilo mkataba hauidhinishwi. Wakala akiwa kampuni, wakurugenzi wake pia hujibu. Na ile fedha ya dhamana wanayoweka serikalini hutumika kulipa madai.

Matokeo yake huonekana hata kabla ya mtu kusafiri. Wakala anayejua kwamba deni la mwajiri mbaya litakuwa deni lake, huwa na hamu ya kumjua mwajiri huyo. Huuliza aliwaajiri wangapi na waliondokaje, na humpigia simu mfanyakazi baada ya mwezi wa kwanza kujua kama amelipwa. Si kwa sababu ya huruma, bali ni kwa ajili ya mfuko wake.

Ufilipino iliongeza mambo mengine. Kuanzia mwisho wa 2006 ilikataa kuidhinisha mkataba wa yaya wenye mshahara chini ya dola 400. Mwaka 2018, baada ya maiti ya mwananchi wake kupatikana ndani ya friza nchini Kuwait, ilisimamisha safari na kuketi mezani. Mei mwaka huo yakatiwa saini makubaliano kwamba mfanyakazi abaki na simu yake na kwamba mwajiri asiishike pasipoti yake. Angalia tofauti iliyopo. Marufuku ya Ufilipino yalikuwa na orodha ya madai na yakamalizika kwa saini. Yetu ya 2012 yalimalizika, mambo yakarudi yalivyokuwa, na baada ya miezi kadhaa yakaanza upya.

Haisemwi hapa kwamba Wafilipino hawateswi Uarabuni. Wanateswa. Lakini anayerudi Manila bila mshahara ana mlango wa kubisha, na nyuma ya mlango huo kuna fedha zilizowekwa.

Kenya haihitaji kusubiri sheria mpya ili kuwa na mlango kama huo. Sheria ya 2007 ingali ipo, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo kusikiza mashauri haya. Chama cha KUDHEIHA kinatetea wafanyakazi wa nyumbani. Kinachokosekana ni afisa wa leba kuitisha hati ya dhamana, kuikataa ile isiyo na wadhamini wa kweli, na kumnyima wakala uthibitisho mpaka ailete. Kwa kuwa kifungu kinasema afisa "anaweza" kumtaka wakala aiweke, wengi wameona si lazima. Neno hilo moja lingeweza kubadilishwa na Bunge alasiri moja.

Kwa sasa, anayejiandaa kusafiri anaweza kuuliza mwenyewe. Je, mkataba huu umethibitishwa na afisa wa leba, na jina lake ni nani? Je, dhamana ya kifungu cha 85 imewekwa, na nani? Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya, si ya kafili wala ya wakala, na nakala yake pamoja na ya mkataba ziachwe kwa mtu wa nyumbani anayeaminika, si kwenye simu peke yake, maana simu ndiyo hutwaliwa kwanza.

Na aliyekwisha rudi na madai yake asikawie. Sheria ya Ajira inatoa miaka 3 pekee ya kuwasilisha shauri tangu haki ilipovunjwa, na muda huo hauongezwi kwa sababu mtu alikuwa mgonjwa, alikuwa hana nauli ya kwenda mahakamani, au wakala alimwahidi kila mwezi kwamba fedha zake ziko njiani.